Kwa nini msimbo wa AI unaanza vizuri, halafu kila marekebisho yanavunja kitu kingine?

Kitonga_Juu (#1)
Kamwene wakuu. Nina hoja, naomba mnaojua programu mnipimie. Kwa mtu anayejifunza mwenyewe, msaidizi wa AI anafaa sana mpaka msimbo ufike mistari mia tano hivi. Ukivuka hapo, kila anachorekebisha kinavunja kingine.

Mfano uliopo mezani ni mfumo wa ghala la viazi Makambako. Umeandikwa kwa Python (lugha ya programu), Flask (ya kurasa za wavuti) na SQLite (databesi), vyote ndani ya `app.py` moja yenye mistari 1,400. Akirekebisha risiti, ripoti ya mwezi inapungua. Akirekebisha ripoti, ukurasa wa kuingia unagoma. Na kila mara anasema tatizo limekwisha.

Ninavyoelewa, mazungumzo yakirefuka anasahau ya mwanzo. Ni hilo, au kuna jingine?

Uyole_Python (#2)
Ni hilo kwa sehemu tu. Piga hesabu. Tokeni ni vipande vidogo vya maandishi ambavyo AI inahesabia. Mstari mmoja wa Python ni kama tokeni 10, kwa hiyo faili lako lote ni tokeni 14,000 hivi. Wasaidizi wa sasa wa mtandaoni wanabeba zaidi ya 100,000, kwa hiyo faili lenyewe linaingia bila shida. Kinachojaza nafasi ni kulibandika zima kila unapouliza. Likibandikwa mara kumi ndani ya mazungumzo yaleyale, tayari ni tokeni 140,000, na mbaya zaidi zipo nakala kumi zinazopingana. Anachukua funsheni ya nakala ya tatu na kuiunganisha na jedwali la nakala ya tisa.

Kazi moja, mazungumzo mapya. Bandika hali ya sasa tu, na ujumbe wa kosa mzima kuanzia `Traceback` hadi mstari wa mwisho. Wengi wanabandika mstari wa mwisho peke yake, wakati jina la faili na namba ya mstari viko juu yake.

Igurusi_Mchele (#3)
Sikubaliani na #2 kwamba nafasi ndiyo kiini. Tatizo ni hiyo `app.py` moja. Ukurasa wa kuingia, risiti na ripoti vikikaa pamoja na kutumia vigeu vya pamoja, mtu mwenye akili timamu naye atavivunja. Gawa: `db.py` iguse databesi peke yake, kisha `mapokezi.py`, `risiti.py`, `ripoti.py`. Ukitaka risiti irekebishwe unampa `risiti.py` na majina ya funsheni za `db.py`, basi. Hawezi kuharibu faili ambalo hajapewa.

Tukuyu_Mvua (#4)
Ndaga kwa uzi. Kabla ya kugawa chochote weka Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Ndani ya folda: `git init`, kisha `git add -A`, kisha `git commit -m "inafanya kazi"`. Kila kipande kikikubali, komiti (hifadhi hatua hiyo). Msaidizi akimaliza, andika `git diff` usome alichogusa. Uliomba risiti na unaona mistari ya ripoti imebadilika? Kataa palepale. `git restore .` inarudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Ipogolo_Linux (#5)
Mkuu Tukuyu, hapo mwisho nirekebishe. `git restore .` inarudisha mafaili ambayo Git inayafahamu tayari. Mafaili mapya aliyoyaunda msaidizi yanabaki, na wasaidizi wanaofanya kazi ndani ya folda moja kwa moja wanapenda kuunda `ripoti_mpya.py`, `ripoti_fixed.py` na ndugu zake. Baadaye wao wenyewe wanasoma lile la zamani.

Ya kuyaondoa ni `git clean -fd`, ila tanguliza `git clean -nd`, inayoonyesha tu kitakachofutwa. Hatari iko hapa: kama `ghala.db` haipo kwenye Git na haipo kwenye `.gitignore` (orodha ya mafaili ambayo Git isiyaguse), `git clean -fd` itaifuta pamoja na rekodi zote za wakulima. Andika `*.db` na `.env` ndani ya `.gitignore` siku ya kwanza kabisa, kabla ya `git add -A` aliyoitaja #4. Usipofanya hivyo, databesi na nywila vitaingia kwenye historia. Ukishasukuma ufunguo wa malipo kwenye hazina ya wazi, kufuta faili hakutoshi, kwa sababu komiti za zamani bado zinao. Ghairi ufunguo huo kwa mtoa huduma, uchukue mpya.

Kitonga_Juu (#6)
Shukrani #2 hadi #5. Kuna jingine kwenye mfumo huohuo: lori likipakiwa saa 8 usiku, ripoti inaliweka kwenye siku iliyopita. Msaidizi amebadilisha hoja ya SQL (swali linaloulizwa databesi) mara kadhaa na hesabu bado haikai.

Mlowo_Kahawa (#7)
Hiyo haihusiani na kusahau. Kwenye SQLite, `CURRENT_TIMESTAMP` na `date('now')` vinatoa saa za UTC (saa ya kimataifa), na sisi tuko saa tatu mbele. Kila kinachoandikwa kuanzia 00:00 hadi 02:59 kwetu, UTC bado ni jana. Kwenye hoja ya ripoti tumia `date(wakati, '+3 hours')`. Tanzania haibadilishi saa kwa majira, kwa hiyo +3 ni ileile Januari hadi Desemba. Ukitaka kufanya upande wa Python ni `ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")`, na kwenye Windows itakulilia mpaka ufanye `pip install tzdata`.

Msaidizi hakuliona kwa sababu aliambiwa "ripoti ina makosa". Ungemwambia "mzigo wa 02:00 tarehe 5 unaonekana tarehe 4", angelipata mara moja. Mpe thamani iliyoingia, iliyotoka, na iliyotakiwa kutoka.

Mwanjelwa_Fundi (#8)
Niongeze hapohapo kwenye saa, maana ni mtego wetu sisi. Ukimwandikia "tuma ujumbe saa 2 usiku", mara nyingine anaweka 02:00 badala ya 20:00. Kwenye maelekezo andika saa za 24 tu. Na kama mfumo wenyewe unapokea saa za Kiswahili kutoka kwa karani, usimwachie AI akisie kanuni, mpe: asubuhi, mchana na jioni ongeza 6, usiku na alfajiri ongeza 18, kisha ukivuka 23 toa 24. Saa 7 usiku: 7+18=25, toa 24, ni 01:00. Saa 11 alfajiri ni 05:00.

Kinachovunja kanuni ni "saa 12 asubuhi". Ukiongeza 6 unapata 18:00, ambayo ni saa 12 jioni. Kwa hiyo saa 12 asubuhi iandikiwe sharti lake lenyewe, irudishe 6. Mwambie aandike majaribio ya saa zote 24 kabla ya kuendelea.

Igurusi_Mchele (#9)
Fundi, uzi wa ghala la viazi umegeuka darasa la saa! Lakini hilo la saa 12 ni kweli tupu, nalichukua.

Matema_Ziwani (#10)
Turudi kwenye swali. Mimi nasema sababu kubwa ni matoleo. Msaidizi amejifunza kutoka msimbo wa miaka mingi na anachanganya. Mfano wa kila siku: anakuandikia `df.append(...)`, wakati pandas (maktaba ya Python ya majedwali ya data) iliiondoa kwenye toleo la 2.0 mwaka 2023. Leo ni `pd.concat([...])`. Au anaweka `datetime.utcnow()`, ambayo Python 3.12 inaitolea onyo. Mnaporekebisha kipande kimoja kwa mtindo mpya na kingine kikabaki cha zamani, ndipo vinagongana. Endesha `pip freeze > requirements.txt`, ubandike orodha hiyo mwanzoni mwa kila mazungumzo.

Halafu kuna vifurushi vya kubuni. Utafiti mmoja ulizalisha sampuli 576,000 za msimbo kwa modeli 16 na ukakuta karibu asilimia 20 ya vifurushi vilivyotajwa havipo duniani. Mtafiti mwingine aliona modeli zinapenda kutaja `huggingface-cli`, akapandisha kifurushi kitupu chenye jina hilo kwenye PyPI (ghala la mtandaoni la vifurushi vya Python), kikapakuliwa zaidi ya mara 30,000 ndani ya miezi mitatu. Angekuwa mtu mbaya, mashine zote hizo zingekuwa mkononi mwake. Kabla ya `pip install`, fungua ukurasa wa kifurushi PyPI, angalia tarehe ya toleo la kwanza na kama kina hazina ya msimbo inayoishi. Kifurushi cha wiki jana kisicho na hazina, achana nacho.

Kalenga_Ngome (#11)
Ndiyo maana utafiti wa METR (taasisi inayopima AI) wa 2025 ulionyesha AI inawachelewesha watengeneza programu kwa asilimia 19. Anayejifunza aandike kwa mkono tu.

Uyole_Python (#12)
Kalenga, namba ni sahihi ila umeipanua kupita ilipofika. Walikuwa watu 16, wazoefu, wakifanya kazi kwenye miradi mikubwa ya wazi wanayoijua kwa miaka, na zana za mwanzoni mwa 2025. Haisemi chochote kuhusu mtu anayeandika Flask ya kwanza. Sehemu inayotufaa ni nyingine: baada ya kazi, watu haohao waliamini AI imewaongezea kasi kwa asilimia 20. Hisia ya kwenda kasi si kipimo. Pima kwa kitu kinachofanya kazi mwisho wa siku.

Njombe_Parachichi (#13)
Naona hamjagusa kinachoua mifumo ya ghala huku Nyanda za Juu. Msaidizi hajui biashara yetu, anajaza mapengo kwa mazoea ya kigeni, na msimbo unakimbia vizuri huku namba zikiwa uongo.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Akiona ni tarakimu tupu anaifanya `INTEGER`. Namba kubwa kabisa ya SQLite ina tarakimu 19, kwa hiyo ukiingiza maandishi ya tarakimu 20 kwenye safu ya `INTEGER`, inageuzwa kimyakimya kuwa desimali na tarakimu za mwisho zinapotea. JavaScript inaishia 9,007,199,254,740,991, yaani tarakimu 16. Excel inatunza 15 tu, zilizobaki zinakuwa sifuri. NIDA ni `TEXT`, nukta.

Uzito na pesa. Usihifadhi kilo kwa desimali. Kwenye Python `int(0.29*100)` inatoa 28, jaribu mwenyewe. Hifadhi gramu kwa namba kamili: kilo 87.35 ni gramu 87,350. Bei ni shilingi 900 kwa kilo. `87350 * 900 // 1000` ni 78,615. Shilingi nazo namba kamili. Kagua kama ameweka `* 100` popote kwenye malipo, kwa mazoea ya senti. Hapo mkulima wa 78,615 anaandikiwa milioni saba.

Na gunia. Ukimwambia "jumlisha magunia", anaweka `KG_KWA_GUNIA = 100` au 50 juu ya faili na kuzidisha. Gunia la viazi la lumbesa halina uzito mmoja. Safu ya kuhesabiwa iwe kilo za mizani, idadi ya magunia iwe ya kumbukumbu tu. Yote haya yaandike kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo, maana yeye hatauliza.

Mwanjelwa_Fundi (#14)
Kwenye #13 ongeza namba za simu. CSV ikifunguliwa kwa Excel, 0754 inakuwa 754, sifuri imekwenda. Kubali 07…, 06…, 255… na +255…, toa nafasi na alama, kisha hifadhi umbo moja tu: 255 ikifuatwa na tarakimu tisa. Pandas nayo inakata sifuri, kwa hiyo soma kwa `dtype=str`.

Mlowo_Kahawa (#15)
Nimewaza tena kuhusu "ripoti ya mwezi inapungua" ya #1. Kuna uwezekano haujatajwa. SQLite haizingatii funguo za kigeni (viungo kati ya jedwali na jedwali) mpaka uiamrishe `PRAGMA foreign_keys = ON`, na amri hiyo ni ya kila muunganisho, si mara moja. Msaidizi akiandika `REFERENCES wakulima(id)` unadhani uko salama. Mtu anafuta mkulima, mapokezi yake yanabaki bila mwenyewe. Ripoti ikitumia `JOIN` (kuunganisha majedwali) inayaruka, jumla inashuka. Risiti za zamani bado zipo, kwa hiyo unaona risiti na ripoti hazilingani na unadhani AI kavunja. Jaribu: `SELECT COUNT(*) FROM mapokezi WHERE mkulima_id NOT IN (SELECT id FROM wakulima);` Ikitoa zaidi ya sifuri, umepata.

Soweto_Mbeya (#16)
Angalia pia majina. Umeanza na `mkulima_id`, uzito ni `kilo`. Ukiuliza kwa Kiingereza, au mazungumzo mapya yasipoona jedwali, anakurudishia `farmer_id` na `weight`. Ukikutana na hitilafu anakuongezea safu mpya badala ya kutumia iliyopo. Baada ya muda jedwali lina `kilo` na `weight`, mapokezi yanaandika moja na ripoti inajumlisha nyingine. Dalili ni hizihizi za #1.

Dawa ni faili la kanuni ndani ya mradi: majina ya majedwali na safu, matoleo, saa, gramu, NIDA, yote. Claude Code inasoma `CLAUDE.md`, Copilot inasoma `.github/copilot-instructions.md`, na zana nyingi zinasoma `AGENTS.md`. Ukitumia ukurasa wa kuchati tu, bandika mwenyewe. Liwe fupi. Kanuni za kurasa sita anaziruka.

Jambo jingine zito: msibandike daftari la wakulima kwenye AI ili "akague data". Majina, simu na NIDA ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023. Muundo wa jedwali unatosha, na mistari kumi ya kubuni.

Tukuyu_Mvua (#17)
Kwa asiyetaka kutuma chochote nje, au bando limekata, kuna Ollama, inayoendesha modeli ya AI ndani ya kompyuta yako. `ollama pull qwen2.5-coder:7b` ni kama GB 4.7, ipakueni mahali penye Wi-Fi. Kwa RAM ya GB 8 inaingia kwa kubanana, funga kivinjari. Ikigoma chukua ya 3b, kama GB 1.9. Bila kadi ya picha inaandika polepole, lakini inatosha kueleza kosa au kuandika funsheni moja.

Ipogolo_Linux (#18)
Na hapo ndipo hoja ya #1 ya kusahau inakuwa kweli kabisa, tofauti na alivyosema #2. Modeli ya kwenye mashine inaanza na nafasi ndogo, mara nyingi tokeni 2,048 au 4,096 kutegemea toleo. Ukiipa mistari 1,400, inakata bila kukuambia na inajibu kana kwamba imesoma yote. Ndani ya Ollama andika `/set parameter num_ctx 8192`. RAM itapanda, kwa hiyo kwenye GB 8 ni bora kupeleka funsheni moja moja.

Uyole_Python (#19)
Sawa Ipogolo, kwa modeli za nyumbani nakubali. Kwa za mtandaoni nabaki pale pale.

Kalenga_Ngome (#20)
Nimesoma #12, nimeelewa. Ila bado nasema kiini ni kwamba hakuna anayepima. Igurusi anasema faili moja, Matema anasema matoleo, Soweto anasema majina. Yote hayo yangegundulika siku ileile kama kungekuwa na majaribio. Andika `test_ripoti.py`: weka mapokezi matatu ya kubuni, gramu 87,350, 40,000 na 12,650, bei 900, kisha `assert jumla == 126000`. Endesha `pytest` (zana ya kuendesha majaribio) kabla na baada ya kila marekebisho. Hesabu ya 126,000 ifanye kwa kikokotoo wewe mwenyewe. Ukimwachia AI aandike msimbo na jibu linalotarajiwa, anachukua jibu kutoka kwenye msimbo wenye kosa na jaribio linapita. Pia kuna wakati jaribio likigoma, badala ya kurekebisha msimbo anabadilisha namba ndani ya jaribio. `git diff` ya #4 itamkamata.

Kabla ya kila kazi mwambie: "Usiandike msimbo bado. Taja mafaili utakayogusa, funsheni gani, na kitakachoathirika." Akitaja zaidi ya ulichotegemea, punguza kazi.

Igurusi_Mchele (#21)
Majaribio kwenye faili moja la mistari 1,400 utayaandikaje? Ukiita `app.py` tu, Flask inawaka na databesi halisi inafunguka. Gawa kwanza, ndugu Kalenga.

Kalenga_Ngome (#22)
Toa funsheni ya kujumlisha peke yake, ipokee orodha ya mapokezi na irudishe namba, bila kugusa databesi. Hiyo tu inatosha kuanza. Kugawa kwingine kufuate majaribio yakiwa yamekaa, vinginevyo kugawa kwenyewe ndiko kutakakovunja.

Kitonga_Juu (#23)
Hoja ya SQL ya Mlowo (#15) imetoa 37, kwa hiyo yapo mapokezi yasiyo na mkulima. Lakini pia jedwali lina `kilo` na `weight` kama alivyosema Soweto, sijui lipi lilitangulia. Na safu ya NIDA ni `INTEGER`, inaonyesha 1.98e+19. Je, zile tarakimu zinaweza kurudi?

Njombe_Parachichi (#24)
Za mwisho hazirudi mnyalukolo, zilikatwa wakati wa kuingizwa. Nakala salama kwanza: `sqlite3 ghala.db ".backup ghala_kabla.db"`, usikopi faili mfumo ukiwa unaandika. Kisha `ALTER TABLE wakulima ADD COLUMN nida_namba TEXT`. Jaza upya kutoka fomu za karatasi au vitambulisho, na kabla ya kuhifadhi toa vistari, hakikisha `len(n) == 20 and n.isdigit()`, na nane za mwanzo ziwe tarehe halali. Safu ya zamani iache mpaka wakulima wote wakamilike. Tarakimu zake za mwanzo zitakusaidia kulinganisha kwamba fomu ni ya mtu huyohuyo.

Mlowo_Kahawa (#25)
Na hayo 37 usiyafute, wala usimruhusu msaidizi "kusafisha". Tengeneza mkulima mmoja wa muda, jina "HAJULIKANI", yahamishie kwake, ndipo uwashe `PRAGMA`. Ripoti itarudi kulingana na mizani, na karani atatafuta wenyewe mmoja mmoja kwa namba ya risiti. Kuhusu `kilo` na `weight`, tuma hapa matokeo ya `SELECT COUNT(kilo), COUNT(weight), MIN(tarehe), MAX(tarehe) FROM mapokezi;` tuone.